Admin wa Grupu la Matanga

Neno admin nililijua kwanza kama maandishi ukutani. Shule ya upili ninayoishonea sare, nje kidogo ya soko la Mukuyuni, ina jengo la mbele lililoandikwa ADMIN kwa rangi ya buluu, na hapo ndipo mzazi hukalishwa kwenye benchi akingoja kuambiwa mtoto wake amefanya nini tena. Kwa hivyo kwangu mimi admin ilikuwa mahali pa kungojea na kusemwa. Halafu wanaume wa bodaboda wakaanza kuwaita wake zao hivyo. "Wacha niulize admin wa nyumba kama naweza kutoka Jumapili," anasema, na wenzake wanacheka, na unajua kabisa huyo admin hajaulizwa kitu tangu waoane.

Siku nilipoenda Sultan Hamud kuchapishiwa karatasi za cheti cha kifo cha mume wangu, kompyuta ya saiba iligoma. Ikaandika kwamba mwenye shida awasiliane na admin wake. Mwenye saiba akaisonya. "Admin ni mimi," akaiambia. "Sasa niwasiliane na nani?" Tuliokuwa kwenye foleni tukacheka, hata mimi na kilemba changu cheusi. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka baada ya mazishi, na nilipogundua kwamba nimecheka nikaangalia viatu vyangu.

Lakini mimi uadmin sikuuomba. Nilitupiwa.

Kwetu mtu akifa, kabla hata jirani hajamaliza kulia, kuna mtu ameshafungua grupu kwenye simu. Humo ndimo watu hukubaliana siku ya kamati, nani ataleta hema, nani atabeba wazee, mwili utatoka mochari saa ngapi. Grupu letu lilifunguliwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Aliichukua simu ya mume wangu kutoka mkononi mwangu, akawa ananakili nambari kwenye simu yake na kuingiza watu. Na huyu shemeji si mtu wa kuchagua. Aliingiza kila nambari aliyoikuta. Mume wangu alikuwa seremala, kwa hivyo waliingia wauza mbao, wauza misumari, watu waliowahi kutengenezewa vitanda, mchungaji wetu, mama wa chapati, mnunuzi wa mbuzi. Kulikuwa na mtu aliyehifadhiwa kwa jina "Usishike," ambaye mume wangu alimkimbia miaka na mikaka. Huyo naye akaingizwa, na haki ya Mungu, aliomboleza kuliko jamaa wengine.

Kulikuwa pia na nambari iliyoandikwa "Mbao Mwingi."

Sasa hapa ni lazima nirudi nyuma kidogo. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, mvulana. Alipokua akaenda Mwingi kuuza vipuri vya malori kwenye ile barabara ya Garissa, akampenda binti wa familia ya Kiislamu yenye duka la vitambaa, akasilimu, akaoa. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama uani mbele ya ndugu zake, akasema hana mtoto. Mimi nilikuwa papo hapo na birika la chai mkononi, nikajiuliza, basi mimi siku ile nilizaa nini? Kijana akaondoka, akabadilisha nambari, na tangu hapo tulikuwa tunaokoteza habari zake kwa madereva: kwamba amenenepa, kwamba ana mtoto, kwamba duka linaenda vizuri. Nyumbani jina lake halikutajwa. Likitajwa, mume wangu alichukua randa akaenda karakana.

Shemeji alipoiona "Mbao Mwingi" akajua ni muuza mbao. Hata mimi ningejua hivyo. Akamwongeza. Na ndivyo mwanangu alivyojua kwamba babake amekufa: yuko dukani, simu inalia, anajikuta kwenye grupu lenye picha ya babake na neno Mazishi juu yake.

Akaandika maneno mawili. "Ni baba?"

Watu wakadhani ni mtu amekosea grupu. Mmoja akamjibu, "Pole ndugu, huyu ni fundi wetu wa Mukuyuni." Mimi nikaibonyeza ile picha ndogo iliyo kando ya nambari, ikawa kubwa, nikaona kofia nyeupe, na chini ya kofia masikio. Yalikuwa masikio ya mume wangu, yamesimama vile vile. Nikalia kilio ambacho wanawake waliokuwa nami walidhani ni cha marehemu, wakanishika mabega.

Baadaye niliipekua simu ya mume wangu. "Mbao Mwingi" hakuwa amepigiwa hata mara moja, wala hakuandikiwa kitu. Yule mzee aliitafuta nambari ya mwanawe, sijui kwa nani, akaiandika kwa jina la uongo ili mimi nisijue, akaiweka tu. Hakuitumia. Ningemgombeza sana siku hiyo, lakini alikuwa mochari.

Kijana alikuja mazishini. Mshereheshaji alipoita familia isimame kando ya jeneza, aliwaita ndugu, wapwa, mpaka binamu wa mbali ambao mimi mwenyewe siwajui. Yeye hakuitwa. Kamati ilikuwa imeamua hivyo bila kuniuliza, kwa heshima ya marehemu, walisema. Alisimama kando ya tangi la maji, kofia ameikunja mfukoni, akatazama babake anafukiwa. Nilipomfikia, watu walikuwa wameshaanza kupakuliwa chakula. Akanishika mikono yote miwili. "Mama, usinipigie," akasema. "Nikiwa tayari, nitapiga mwenyewe." Nikamwambia sawa. Ungemwambia nini mtu aliyetoka kutendewa vile? Akaenda zake bila kula.

Kamati ikavunjwa, kama ilivyo desturi, kwa soda na shukrani. Shemeji akaandika kwenye grupu, "Mungu awabariki, kazi imekwisha," kisha akatoka. Asubuhi yake nikakuta maandishi kwenye simu yangu kwamba sasa mimi ni admin.

Nikaipeleka simu kwa mama wa duka la dawa, jirani ya kibanda changu cha kushona, mwanamke wa makamo anayejua mambo ya simu kuliko wanawe. Nikamuuliza nimefanya nini. "Hujafanya kitu," akasema. "Admin akitoka na ni yeye peke yake, simu inajichagulia mwingine. Haipigi kura."

"Na mbona imenichagua mimi?"

"Haiangalii sura, mama. Ungekuwa wewe au mnunuzi wa mbuzi, kwake ni sawa."

Akanieleza kazi yake. Admin anaweza kuingiza mtu na kumtoa. Anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote, usionekane tena na yeyote. Anaweza hata kuwafunga midomo wote abaki anazungumza peke yake. "Kwa hivyo ni chifu," nikasema. "Ni chifu asiye na askari," akasema. Halafu akanionyesha jambo jingine, ambalo si la admin, linafanywa na yeyote: ukiubonyeza ujumbe wako mwenyewe kwa muda, unaona majina ya waliousoma. Hilo ndilo nililoondoka nalo kifuani.

Kwa maana mwanangu alikuwa hajatoka. Aliniambia nisimpigie, na mimi mtu akiniambia kitu hushika. Lakini hakusema nisisalimie grupu.

Basi kila asubuhi nikifungua kibanda, kabla sijatia uzi kwenye cherehani, niliwasalimia. Leo picha ya mbaazi zimetoa maua, kesho kuku na vifaranga wake, siku nyingine kaburi limeota majani baada ya mvua. Kisha nashona. Kwenye saa nne hivi, wateja wanapopungua dukani kwake nadhani, nabonyeza, naangalia waliosoma, na nambari yake ipo. Narudi kwenye cherehani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na mwanangu, na nilikuwa nayangojea kwa hamu. Hakuandika neno, lakini alisoma. Niliridhika.

Shida ni kwamba grupu la matanga halikuumbwa likae. Watu walianza kutoka. Wauza mbao kwanza, kisha mama wa chapati, kisha wale wa vitanda. Usishike alidumu kuliko nilivyotarajia, naye akatoka na dua ndefu. Kila mmoja akitoka simu inaandika kwa herufi ndogo ndogo za kijivu kwamba fulani ameondoka, na mimi kila simu ikilia naruka, nikidhani ni yeye. Vijana husema ameleft. Neno lenyewe fupi hivyo, lakini lilikuwa linanikata maini.

Sikuwalaumu. Hata nyumbani walikuwa wameshatoka. Wiki za kwanza walikuja kwa wingi, baadaye wachache, baadaye wakawa wanapiga simu, kisha hata simu zikakatika. Nilikuwa mpweke. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wetu hulizungusha neno hili, wanasema "nimezoea" na "Mungu yupo." Mungu yupo, ndiyo, lakini hakai upande wa pili wa meza akalalamika kwamba chai haina sukari. Nilikuwa nawasha redio nisikie mtu akikohoa. Niliizungumzisha cherehani. Karakana niliiacha na kitanda nusu, mbao zake zimeegemezwa ukutani, na nikipita mlangoni nilipita haraka.

Wamama wa kwaya waliniita kando baada ya ibada. "Mama, lile grupu lifunge sasa," mmoja akaniambia. "Likikaa hivyo linavuta msiba. Mwache marehemu apumzike."

"Marehemu amepumzika," nikamwambia. "Mimi ndiye sijapumzika."

Wakatazamana. Sikuwaeleza. Ningewaeleza nini, kwamba naishi kwa kuangalia kama nambari moja imesoma picha ya kuku?

Ikafika Idi. Nilijua kwa sababu redio ilitangaza. Nikakaa na simu kibandani, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Idi njema kwa wote wanaosherehekea leo." Kwenye grupu la matanga ya mzee wa kanisa! Lakini nilitaka aione. Nilitaka ajue kwamba katika nyumba ile kuna mtu anajua leo ni sikukuu yake. Nikatuma, nikatia uzi, nikashona kola ya shati vibaya, nikaifumua.

Kulikuwa bado kumebaki watu kiasi, wengi wao wa ukoo na wa kanisa. Kati yao alikuwemo binamu ya mume wangu, mzee mwenzake wa kanisa, mtu ambaye hawezi kuandika ila husema. Anabonyeza, anakohoa, anasema, na wewe usikilize. Nikaifungua sauti yake palepale kibandani. Akakohoa. Akasema anashangaa kuona mambo haya kwenye grupu la mtumishi wa Mungu. Akasema tuwaombee wale waliouza jina la baba zao kwa ajili ya mwanamke, kwa maana hao ndio waliomuua baba yao kwa uchungu, kisha wakaja mazishini kusimama kama wageni.

Mama wa duka la dawa alikuwa mlangoni akisikia. "Ala!" akasema, akaweka mkono mdomoni.

Na hapo juu kabisa ya kioo, penye jina la grupu, nikaona maneno: nambari ya Mwingi inaandika. Miezi yote ile hakuwahi kuandika. Ikakoma. Ikaandika tena. Ikakoma. Niliona kabisa mwanangu amekaa nyuma ya kaunta yake, amevaa kanzu ya Idi, anatafuta neno la kumjibu mzee, au neno la kuniaga. Nikajua kwamba ama atajibu na hapatakuwa na kurudi, ama atatoka, na vyovyote vile mimi nimemkosa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilisikia hasira inanipanda kutoka miguuni, hasira ambayo nilipaswa kuisikia siku ya tangi la maji.

"Nionyeshe tena anatolewa vipi," nikamwambia jirani.

"Mama. Yule ni mzee wa kanisa."

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Nikafuta ile sauti, kikohozi na vyote, kisha nikamtoa. Ikaandikwa kwa zile herufi za kijivu, kila mtu aone, kwamba nimemtoa. Mwanamke mjane, fundi wa sare, amemtoa mzee.

Sikumaliza hata kola. Shemeji alipiga, yeye ambaye alitoka kwenye grupu kitambo, walishamfikishia. "Shemeji, nasikia umemtoa mzee?"

"Nimemtoa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya admin."

"Hilo grupu nililifungua mimi," akasema.

"Ukaliacha," nikasema. "Ungetaka kuamua mambo yake ungekaa." Akakata simu.

Halafu wakaanza kutoka. Si mmoja mmoja kama zamani, bali kwa kufuatana, kama watu wanaotoka kanisani mhubiri akikosea. Mama wa kwaya, mumewe, wapwa, mchungaji mwenyewe. Mwingine aliandika kwanza, "Tumeona heshima imeisha," kisha akaondoka. Nilikaa tu na kuwatazama. Jirani alifunga duka lake, akanigusa bega, akaenda zake. Jua lilipoanza kuteremka nikaangalia ndani ya grupu kuna watu wangapi. Tulikuwa wawili, mimi na nambari ya Mwingi.

Jumapili iliyofuata niliketi kanisani, na benchi langu likawa na nafasi kubwa kulia na kushoto. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia kwa vidole.

Sasa niambie, mtu anasema nini kwenye grupu la watu wawili? Asubuhi niliandika "Hamjambo nyote" kwa mazoea, nikaona nyote ni mmoja, nikaona haya kama msichana. Nikatuma picha ya mbaazi, zimekomaa sasa. Alisoma. Kesho yake alisoma. Hakuandika kitu, wala sikuona tena kwamba anaandika. Nikaanza kufikiri kwamba labda namkera, kwamba anakaa tu kwa sababu kutoka kungeonekana, hakuna tena umati wa kujifichia. Nikasema basi, nitoke mimi, nimpunguzie. Kidole kilikuwa tayari. Kisha nikakumbuka simu inavyofanya: nikitoka, yeye atapewa uadmin. Ataamka asubuhi akute amekabidhiwa matanga ya baba aliyemkana, yuko peke yake humo ndani, hakuna hata mtu wa kumuuliza ni ya nini. Mimi nilishaamka nikakuta hivyo. Sikuweza kumfanyia mwanangu.

Basi nikabaki. Siku moja hakusoma kabisa, mpaka jioni, na siku ile sitaki kuizungumzia. Kesho yake akasoma zote mbili, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mteja akageuka.

Ilikuwa mchana wa kawaida, joto lile la kwetu la kulaza mbwa, nikipima kijana wa kidato cha kwanza ambaye mamake alitaka suruali ya kukulia. Simu ikalia. Nikadhani ni mteja. Nikamaliza kiuno, nikamaliza urefu, nikawaambia warudi Ijumaa. Nikaichukua.

"Mwaitu, umekula?"

Hakuna jingine. Mwaitu, vile Mkamba amwitavyo mamake akiwa mlangoni anatoka shule, halafu swali.

Sikuwa nimekula. Kupikia mtu mmoja niliona ni kazi ya bure, na tangu wageni waishe nilikuwa naenda na chai na mkate, asubuhi na jioni. Nikaandika, "Nimekula, mwanangu." Ikasomwa papo hapo.

Kisha nikafunika cherehani, nikafunga kibanda saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kufanya, nikapita sokoni nikanunua mahindi na maharagwe, nikaenda nyumbani nikawasha moto na kuinjika sufuria, ili nisiwe nimemdanganya.